Pua ya Mwalimu wa Nyuki

Nianze na pua yake, kwa sababu ndiyo iliyonidhulumu. Kwa kuitazama ilikuwa pua ya kawaida, si ndefu wala si bapa, pua ya mzee yeyote wa pwani hii kutoka Kinjumbi mpaka Lindi. Lakini ilifanya kazi kuliko macho ya watu wengi. Mwalimu wetu wa nyuki alikuwa akikukaribia anavuta pumzi kwanza, ndipo anasalimu. Ukimpa mkono ameshajua kwamba asubuhi ulikunywa chai ya tangawizi, au umetoka kupara samaki, au mtoto wa jirani amekukojolea. Na hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikwambia hapohapo mbele za watu, kwa sauti yake ya upole, watu wakacheka, nawe ukacheka pamoja nao, maana ungefanyaje.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo watayasema wanaompenda, siku ya hitima yake, na mimi nitakuwepo nikila ubwabwa wangu kimya. Jina lake pia silitaji. Jina langu mimi lilichezewa kwa sababu yake mpaka likapotea, na sitaki nifanane naye hata kwa hilo. Kwa miaka mingi nilitaka kwake kitu kimoja tu: aseme mbele za watu kwamba siku ile alijua. Hayo tu. Nilikuwa nalala nacho na kuamka nacho, na wala sioni haya kusema kwamba kilinipa nguvu kuliko chakula.

Alikuwa mwembamba, mwenye mabega yaliyopanda juu, na kanzu yake aliipandisha akaifunga kiunoni kila alipoingia kwenye mikorosho tulikotundika mizinga. Miguuni katambuga za tairi. Kofia ya mkono aliyoishona mkewe marehemu, imefubaa, haivui hata akiwa anatoka jasho. Mikono yake ilikuwa mizuri, lazima niseme. Aliinua kiunzi, kile kijiti cha juu ambacho nyuki hujengea sega, kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala asimwamshe. Nyuki walitembea juu ya vidole vyake, wakapanda mkononi, mwingine akapita mdomoni, naye anaendelea kutufundisha. Alikuwa akiwaambia, "Samahanini mabibi, napita." Kwa nyuki aliomba samahani siku nzima. Kwa binadamu sikuwahi kumsikia.

Madume ya nyuki aliyaita wazee wa baraza, kwa kuwa kazi yao kula na kukaa. Wezi wa asali aliwaita wageni wasiopiga hodi. Mtu akimuuliza lini atarina, yaani lini atatoa asali, alijibu kwamba mwenye nyumba hajamwambia. Alikuwa na maneno ya namna hiyo, na vijijini huku mtu mwenye maneno anasamehewa mengi. Ukimlaumu mahali, utasikia wanaanza kukusimulia alivyosema hili na lile, na mwisho wanacheka, na wewe umebaki na lawama yako mkononi.

Halafu kulikuwa na woga wake. Mtu huyuhuyu ambaye nyuki walimtambaa usoni alitetemeka kwa mlio wa gari. Si gari lolote, gari la mradi, lile jeupe lililokuwa likitoka mjini kuja kuangalia kama tunafundishwa vizuri. Akilisikia linapanda kilima anaweka kofia sawa, anashusha kanzu, sauti inabadilika. Kijana anashuka garini, wa umri wa wajukuu zake, naye anamwita mheshimiwa na kumfuata nyuma huku mikono ameifunga mgongoni. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Baadaye nilielewa woga ule unaweza kumfanya mtu atende nini, na huruma ikaniisha.

Sasa darasa la kwanza. Wakati huo nilikuwa mke wa mtu, mume wangu fundi wa magari kwenye gereji kule Mingoyo, njia panda, anarudi nyumbani kila anapopata nafasi. Hatukuwa tumejaaliwa mtoto. Mradi ulipokuja kuandikisha akina mama wa kufundishwa ufugaji wa nyuki, nilikuwa wa mwanzo kujiandikisha. Mara ya mwisho kukaa mbele ya mwalimu ilikuwa darasa la saba, nikatolewa na maisha, na hamu yangu ya kusoma haikuwa imekufa.

Hivyo nilijiandaa kama nilivyolelewa. Mama yangu siku aliyotupeleka kuanza chuo cha Kurani alitundika nguo zetu juu ya chetezo, zikafukizwa udi mpaka zikalowa harufu. Siku ya Maulidi hivyohivyo. Kwake yeye mtu hawezi kuiendea elimu akinuka moshi wa jikoni. Nami usiku wa kuamkia darasa nilitoa chetezo, nikafukiza gauni, nikafukiza na jozi yangu mpya ya khanga, nikaenda darasani nimenukia kuanzia ushungi hadi pindo. Hakuna mtu aliyekuwa ametuambia kwamba nyuki hawapatani na manukato. Hilo ndilo nataka likumbukwe. Hakuna aliyetuambia, na wa kutuambia alikuwa mmoja tu.

Tulisimama kwa mstari chini ya mikorosho, jua limeanza kupoa. Mwalimu akapita mbele yetu akivuta pumzi, mmoja baada ya mwingine, kututania ili tuzoee. Huyu amekula mihogo kwa dagaa. Huyu amepaka mafuta ya nazi, na nazi yenyewe ilikuwa ya wiki iliyopita. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye heshima zake, akaambiwa ametoka kugombana, kwa kuwa jasho la ugomvi lina harufu yake. Tulicheka mpaka tukashikana. Akafika kwangu. Akavuta pumzi, akasita. Akavuta tena. Mimi nikajiweka sawa nikidhani nitasifiwa. Akanitazama usoni, akageuka kuutazama mzinga, akanirudia mimi, kisha akapita bila kusema kitu. Mtu yule ambaye hakuwahi kuzuia ulimi wake kwa yeyote, kwangu aliuzuia.

Akasema siku ya kwanza havai mtu mavazi ya kinga, maana anayemjua nyuki kwa kupitia wavu hamjui. Akaufungua mzinga yeye mwenyewe kwanza, mikono mitupu, nyuki wametulia kabisa. Akaufunga. Kisha akauliza nani atafuata, na sote tukatazama chini. Akaninyooshea kidole mimi. "Wewe uliyevaa vizuri," akasema, "njoo."

Nilikwenda kwa furaha. Niliweka mikono pale aliponionyesha na kunyanyua mfuniko. Sauti yao ilibadilika kabla sijaona hata mmoja, ikapanda, ikawa kali. Walinijia kwenye ushungi, kwenye shingo, ndani ya mikono ya gauni, kila mahali palipokuwa na udi, na udi ulikuwa kila mahali. Wenzangu walikimbia. Mwenyekiti alijifunika jamvi. Mwalimu alinirukia, lazima niseme na hilo, akanivuta kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akinipulizia moshi wa bomba lake, akanikimbiza mpaka kwenye kichaka cha mikoko huku naye akichomwa. Nililala pale macho yameanza kujifunga. Nikamsikia anawaambia wenzangu waliokuwa wanarudi mmojammoja, kwa sauti ileile ya upole ya kufundishia, "Mmeona? Nyuki na manukato hawaelewani. Sasa hili hamtalisahau."

Kwa hiyo nilikuwa somo. Zahanati walinitoa miiba uso mzima, uso ukavimba nikawa siwezi kutambulika, na nilikaa ndani mpaka uliporudi. Maumivu ya mwili yanapita. Lililobaki nje ndilo lililokuwa likivimba. Kisimani, kwenye vibanda vya maandazi, kila mahali, watu hawakuuliza kwa nini mwalimu hakutwambia. Waliuliza Bi Udi alijifukiza kwa ajili ya nani. Darasa lenyewe lina mwanamume mmoja tu. Mume wake yuko mbali. Na huyo mwalimu ni mjane. Wakajumlisha wenyewe. Hapo ndipo jina langu lilipokufa nikaitwa Bi Udi, na mpaka leo kuna watoto wakubwa kijijini hawajui kwamba nina jina jingine.

Maneno yalifika Mingoyo kabla uvimbe haujaisha. Mume wangu akaja. Hakunipiga wala hakupiga kelele, sikatai, alikuwa mtu mtaratibu. Aliniuliza swali moja, nikamweleza yote, chetezo na mama yangu na chuo. Nadhani aliniamini nusu. Nusu nyingine alitaka aipate kwa mwanamume mwenzake. Akaondoka alasiri kwenda kwenye kahawa jirani na msikiti, ambapo mwalimu alikuwa akikaa na wazee. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwepo pale na ndiye aliyenisimulia neno kwa neno.

Mume wangu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa. Akasema, "Mwalimu, nina swali dogo, unijibu tu niende zangu. Mke wangu siku ile alijifukiza kwa ajili ya nani?"

Mwalimu alikizungusha kikombe kwanza. Kisha akasema, "Mambo ya wanawake na manukato yao mimi siyajui, mwanangu."

Mtu mwenye pua ile. Mtu aliyejua nazi ya wiki iliyopita. Wazee walicheka kidogo, mume wangu hakucheka. Mjomba anasema kahawa aliyomiminiwa aliiacha inafuka. Jua halijazama nilikuwa nimeshaachwa, mlangoni kwangu, mjomba akiwa shahidi. Mume wangu akarudi Mingoyo na hakukawia kuoa.

Sababu ya jibu lile niliipata baadaye kutoka kwa mwenyekiti wetu. Siku mbili hivi kabla ya hapo gari jeupe lilikuwa limekuja kuuliza imekuwaje mwanafunzi kuumizwa, na mwalimu akawaambia wale vijana kwamba tulikuwa tumeonywa juu ya manukato, ila mama mmoja hakusikia. Angemjibu mume wangu ukweli pale kahawani, ukweli ungepanda gari mpaka mjini. Kwa hiyo aliokoa kibarua chake kwa ndoa yangu. Sikuwahi kupata maelezo mengine, na sikuyahitaji.

Watu walitegemea nisirudi darasani. Nilirudi. Nilioga maji matupu, nikavaa gauni kuukuu lililonuka moshi wa kuni, nikasimama mbele kabisa. Alipofika kwangu akavuta pumzi yake, akapita. Mimi nikamwambia, "Habari za saa hizi." Sikumwamkia. Kwa watu wa kwetu, mwanamke wa umri wangu kumpa mzee habari badala ya shikamoo ni kama kumtemea mate miguuni, na wenzangu wote walisikia. Akajibu nzuri. Tangu siku hiyo, msibani, harusini, njiani, sikumpa kingine.

Ninavyo visasi vingine, na nilivifanya kwa moyo mkunjufu. Nilipopata mizinga yangu mwenyewe, kundi lililokuwa kali kuliko yote nililiita Mwalimu. Nilikuwa nasema kwa sauti, yeye akiwa karibu, kwamba Mwalimu leo kanuna, au Mwalimu hana asali ana makelele tu. Wenzangu waliziba midomo kwa khanga. Msibani nikipewa kazi ya kugawa chai nilihakikisha inapofika kwake imepoa. Mambo madogo, ndiyo. Lakini mtu aliyenyimwa neno moja kwa miaka atakula hata makombo.

Kubwa lilikuwa kujifunza. Nilimfuata kila alikokwenda, nikamuuliza kila kitu: nyuki wanapohama wanatoa dalili gani, asali ya mikoko inatofautianaje na ya maua ya korosho, nta inasafishwaje isiungue, malkia mzee anajulikanaje. Watu walidhani nimesamehe, kwamba mapenzi ya kazi yameshinda. Nilikuwa nataka ifike siku ambapo anayetafuta habari za nyuki atapita mlango wake bila kugeuka na kuja kwangu. Na hapa kuna jambo linalonikera mpaka leo: hakunificha kitu. Kila nilichouliza alijibu, kikamilifu, kwa subira, hata alipokuwa anajua vizuri kisu anachonipa nitakielekeza wapi. Wakati mwingine alimaliza kunijibu akabaki amesimama, akavuta pumzi kama anayetaka kusema lingine. Mimi nikangoja. Yeye akaanza tena habari za nta.

Siku ilifika. Mradi uliporudi na kundi jipya la akina mama, wenyewe waliomba wafundishwe na mwanamke, na mwanamke mwenye mizinga alikuwa mimi. Yeye aliambiwa ahsante kwa kazi. Nasikia siku chache kabla alikuwa amekwenda kwa wale vijana wa mradi kunisema, kwamba nina hasira na mwenye hasira hafai kwa nyuki. Haikumsaidia. Nilipita mbele ya nyumba yake asubuhi ile nikiwa nimebeba bomba la moshi begani, polepole, na ningeweza kupita njia nyingine. Utamu wake ulikuwa mkubwa mpaka adhuhuri. Baada ya hapo nikagundua kwamba kibarua alichokiokoa kwa ndoa yangu nimemnyang'anya, lakini neno langu bado analo yeye.

Kwa wanafunzi wangu nina kanuni moja ninayoisema langoni kabla hata ya salamu. Udi, marashi, mafuta ya kunukia, sabuni ya maua, vyote viachwe nyumbani. Wanaocheka nawaambia wanitazame hapa chini ya jicho, palipobaki alama.

Mama yangu alipougua kidonda cha mguu kisichofunga, asubuhi moja tulikuta chupa ya asali mlangoni. Ya mikoko, safi, mdomo wake umezibwa kwa nta iliyobonyezwa kidole gumba, na pwani nzima aliyeziba namna ile alikuwa mtu mmoja. Kidonda kikaanza kufunga. Chupa ziliendelea kuja hadi mama alipopata nafuu, na aliyezileta hakuonekana. Mama akaniambia nimsamehe, mzee wa watu anajuta. Nikamwambia asali tumeipokea, ila maneno sijaletewa. Mama alikufa akiwa ameudhika nami kwa hilo, na hilo pia nimeliweka kwenye hesabu ya Mwalimu.

Miaka ikaenda. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, mizinga yake ikaliwa na mchwa mmoja baada ya mwingine, akawa anashinda barazani. Nikipita nilimwona ananyanyua uso na kuvuta pumzi, kisha ananijua kabla sijafungua mdomo. Na mimi nampa habari zangu za saa hizi.

Mwaka huu wanawe walio Dar walimlipia Hija. Huku kwetu mtu anayekwenda Maka hazungushi tu miguu kuaga. Anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa kuwa mwenye haki ya mtu shingoni anaogopa kusimama kule nayo. Ni mambo ya haraka: anasema kama kuna nililokukosea kwa kujua au kwa kutojua unisamehe, nawe unajibu nimekusamehe nami unisamehe, mnashikana mikono, anakwenda nyumba ya pili. Nilisikia ameanza na majirani wa msikiti. Nikasikia amefika upande wa kisimani. Nikakaa kwangu nikamngoja, na sikumbuki kungoja kitu kwa raha namna ile.

Alinifanya wa mwisho. Alikuja alasiri, ameshikwa mkono na muadhini upande mmoja na mjomba wangu upande wa pili. Uani nilikuwa na wanafunzi wangu, tunachuja nta iliyoyeyushwa, nao wakataka kuondoka. Nikawaambia wakae. Nikamletea kiti. Mwalimu akaketi, akavuta pumzi, akasema maneno yake kama yanavyosemwa, nililokukosea kwa kujua au kwa kutojua.

"Lipi, Mwalimu?" nikamuuliza.

Muadhini alinitazama kana kwamba nimekosea sala. Akanikumbusha taratibu kwamba husemwa yote kwa pamoja, mama, hayachambuliwi. Nikamjibu kwamba yote mimi siyajui, anayeyajua ndiye aliyekuja kuyaombea radhi. Mzee akasema alikuwa mkali kwangu darasani. Nikamwambia hilo nimemsamehe. Akasema aliwahi kwenda kunisema kwa watu wa mradi nisipewe kufundisha. Nikamwambia na hilo nimemsamehe. Muadhini akafurahi, akaanza kuinuka. Mimi sikuinuka. Mjomba wangu pia hakuinuka, alikuwa anatazama chini.

Mwalimu akaivua kofia yake. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Akasema, si kwa sauti ya upole ile ya kufundishia, kwa sauti ya kukwaruza, "Nilisikia udi tangu uko njiani. Nikanyamaza, nilitaka wengine waone. Na mumeo aliponiuliza, jibu nilikuwa nalo."

Wanafunzi wangu walikuwa hawajui hata nusu ya habari ile, na sasa waliijua. Nilifurahi. Sitasema nilihisi huruma, sikuhisi. Naye akangoja, ameshika kofia, na kwa namna alivyokaa nilijua anadhani sasa imekwisha.

"Hayo mimi nayajua," nikamwambia. "Nimeyajua miaka yote. Asiyeyajua yuko Mingoyo. Kamwambie yeye, mbele za watu kama ulivyomjibu mbele za watu. Ukishamwambia, nitakusamehe."

Muadhini alikasirika waziwazi. Mzee anasafiri kesho kutwa, Dar iko kaskazini na Mingoyo iko kusini, mtu mwenyewe magoti hana, hii si radhi ni adhabu. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni adhabu. Mjomba wangu ndiye aliyesema, "Nitampeleka mimi." Wakaondoka bila kunipa mkono. Mmoja wa wanafunzi wangu alilia, sijui alimlilia nani.

Kesho yake kabla ya adhuhuri simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Nyuma ya sauti nilisikia vyuma vinagongwa.

"Ni mimi," akasema yule aliyekuwa mume wangu. Ningemtambua hata asingesema. "Amekuja mzee hapa. Ameniambia." Kule gerejini kugongagonga kukakoma. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Nikamwambia ampe Mwalimu simu.

Akampa. Nikasikia pumzi ya mzee, ndefu, ya mtu aliyesafiri. Nikamuuliza kama alisema mbele za watu. Akasema mafundi wote walisikia, na wateja wao, na mama anayewauzia chakula. Nikamuuliza mjomba yupo. Akasema yupo, anasikia.

"Basi nimekusamehe, Mwalimu," nikasema. "Nenda salama."

Mwalimu akasema mwenye simu anaomba azungumze na mimi tena, ana maneno. Nikamwambia amfikishie huyo kwamba nimesikia kwake "kumbe", sijasikia "nisamehe", na nikakata. Simu iliita tena alasiri ile, namba ileile, na tena jioni. Sikupokea. Yeye hasafiri kwenda Maka, hana haraka.